Shule Yetu: Tuhesabu, Tuchague, Tutende

Kabla hujaendelea kusoma, mwite mtoto wako aliye darasa la 3. Kama huna mtoto wa darasa hilo, mwite wa jirani. Mkalishe penye mwanga wa kutosha. Usimtishe. Mpe gazeti hili, umwambie asome kwa sauti maneno haya:

Asha ana kuku watatu. Kila asubuhi huwapa pumba na maji. Jana kuku mmoja hakurudi jioni. Asha alimtafuta nyuma ya nyumba. Alimkuta ameatamia mayai sita.

Akimaliza muulize maswali mawili. Asha ana kuku wangapi? Kwa nini kuku mmoja hakurudi jioni?

Je, mtoto amesoma yote na kujibu? Mpongeze. Je, amesoma neno mojamoja tu, kwa taabu? Je, ametaja herufi tu? Au amekutazama wewe, kisha akatazama chini?

Maneno hayo ni mepesi. Mtoto aliyemaliza darasa la 2 yampasa kuyasoma bila shida. Kama hakuweza, usimpige wala usimcheke. Usikimbilie kumlaumu mwalimu pia. Endelea kusoma makala hii, kwa maana inahusu jambo hilohilo. Inahusu namna sisi wanakijiji tunavyoweza kupanga shule yetu iwe bora.

Kipimo cha namna hii si kigeni hapa nchini. Mwaka 2010 mradi uitwao Uwezo ulianza kuwapima watoto wa Tanzania. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba vijijini na mijini. Waliwapa watoto herufi, maneno na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2. Walipohesabu, waliona kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la 3, watoto 3 tu hivi waliweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Watoto hao walikuwa wameandikishwa shule. Walikuwa na sare na madaftari. Lakini kusoma hawakujua.

Jambo hilo linatufundisha kwamba kumwandikisha mtoto shule ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni mtoto ajue.

SHULE NI YA NANI?

Wako wananchi wanaosema, "Shule ni ya Serikali. Mipango ni ya walimu." Maneno hayo si sahihi.

Tukumbuke tulikotoka. Mwezi Novemba 1974, katika mkutano wa Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri aingie shule ya msingi. Vijiji vingi vilijenga madarasa kwa mikono yao wenyewe. Wanaume walifyatua matofali na kina mama walichota maji. Mwaka 1978 ikatungwa Sheria ya Elimu, na ndani yake zimo kamati za shule. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao wengi waliuita MMEM. Katika mpango huo kamati za shule zilipewa kazi ya kupanga na kusimamia fedha za ruzuku zilizoletwa shuleni. Tena mwezi Januari 2016 Serikali ilianza kutoa elimu bila ada, kuanzia shule ya awali hadi kidato cha 4.

Basi Serikali ina sehemu yake. Hutoa walimu, ruzuku na vitabu. Lakini kamati ya shule ni yetu. Miongoni mwa wajumbe wake wamo wazazi, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu wake. Kama kamati imelala, ni sisi tuliolala.

MFANO WA KIJIJI KIMOJA

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja. Mfano huu tumeutunga ili tujifunze, lakini mambo yake mtayatambua, kwa maana yanatokea mahali pengi.

Katika kijiji hicho kila mwaka kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati aliuliza, "Tunataka nini mwaka huu?" Watu walinyoosha mikono. Mmoja alitaka ofisi ya walimu. Mwingine alitaka uzio. Wengine walitaka madawati, tangi la maji, nyumba ya mwalimu, uwanja wa mpira, vyoo, bendera mpya, na kengele badala ya rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Katibu aliandika yote. Watu walipiga makofi wakarudi makwao.

Mwaka ulipokwisha, ukuta wa ofisi ulikuwa umefika kwenye linta, ukaishia hapo. Fedha zilikwisha. Mvua ikaunyeshea, na matofali ya juu yakaanza kumomonyoka. Mambo mengine yote hayakuguswa.

Kwa nini walikwama? Hawakuwa wavivu. Walikwama kwa sababu walikuwa na orodha ya matamanio, hawakuwa na mpango. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili mwezi Mei 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano katika mkutano wa TANU. Hotuba yake ile inajulikana kwa jina la "Kupanga ni Kuchagua". Anayetaka yote kwa pamoja hajachagua. Na asiyechagua hajapanga.

HATUA YA KWANZA: KUHESABU

Mwaka uliofuata kamati ya kijiji hicho ilibadili njia. Kabla ya mkutano, wajumbe 3 na walimu 2 walifanya kazi ya kuhesabu. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi Machi. Walihesabu mambo matatu.

Kwanza, waliwapima watoto wa darasa la 3 kusoma. Walikuwa 60. Kila mtoto aliitwa peke yake chini ya mti, akasoma. Matokeo yalikuwa haya:

Waliosoma hadithi fupi na kuielewa: 18.
Waliosoma kifungu kifupi tu: 12.
Waliosoma maneno tu: 17.
Waliotaja herufi tu: 13.
Jumla: 60.

Pili, walifungua daftari la mahudhurio la mwezi Februari. Siku za masomo zilikuwa 20. Waliona kwamba watoto 14 walikosa zaidi ya siku 5. Katika hao 14, watoto 11 walikuwa miongoni mwa wale waliosoma maneno tu au herufi tu.

Tatu, walihesabu vitabu vya kusomea. Darasani vilikuwamo 12, yaani kitabu 1 kwa watoto 5. Kisha mjumbe mmoja, mama aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la kisomo, aliuliza, "Na sanduku hili lililofungwa kufuli lina nini?" Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na vitabu 18 vipya. Vilifungiwa humo kwa sababu walimu waliogopa visichanike.

Ndugu msomaji, angalia faida ya kuhesabu. Vitabu 12 na vitabu 18 ni vitabu 30. Kwa siku moja, bila kutoa hata senti, kitabu 1 kwa watoto 5 kikawa kitabu 1 kwa watoto 2. Kitabu kinachochanika mikononi mwa mtoto kimefanya kazi yake. Kitabu kinachooza sandukuni ni hasara.

HATUA YA PILI: KUTAFUTA CHANZO

Mkutano wa wazazi ukaitishwa. Matokeo yaliandikwa kwenye karatasi kubwa, yakabandikwa ukutani. Majina ya watoto hayakuandikwa, ili mtoto asiaibishwe. Ziliandikwa hesabu tu.

Mzee mmoja alisimama kwa hasira. Akasema, "Mwalimu, mwanangu yuko darasa la 3 na kusoma hajui. Wewe unalipwa kwa kazi gani?"

Mwalimu wa darasa la 3 alikuwa kijana. Alisimama akasema, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee, mwezi uliopita mwanao alikuja shuleni siku 9 tu. Siku 11 nyingine alikuwa wapi?"

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Alikuwa anachunga mbuzi."

Mkutano ukanyamaza. Ndipo mwalimu akaendelea, "Lakini na sisi walimu tuna makosa. Tulikuwa tunasomesha darasa zima kama watoto wote wako sawa. Mtoto aliyebaki nyuma tulimwacha hukohuko nyuma. Na vitabu tulivifungia."

Maneno hayo yalipoza mkutano. Kila upande ulikiri kosa lake. Tangu hapo watu hawakutafuta tena wa kumlaumu, bali walitafuta chanzo. Waliviona vyanzo vinne. Utoro kwa ajili ya kuchunga na kazi za shamba. Vitabu vilivyofungiwa. Watoto waliobaki nyuma kutosaidiwa. Na njaa, kwa maana watoto wengi huondoka nyumbani alfajiri bila kula kitu, na ifikapo saa 6 mchana hawasikii tena anachosema mwalimu.

Tujifunze hapa. Homa haiponi kwa kufuta jasho. Lazima ujue inatoka wapi.

HATUA YA TATU: KUCHAGUA

Mwenyekiti akauliza, "Ndugu zangu, tukishindwa mengine yote mwaka huu, ni jambo gani moja ambalo hatuwezi kukubali kushindwa?"

Wako waliosema, "Tumalize ofisi. Ule ukuta unatuaibisha mbele ya wageni." Maneno yao yalikuwa na uzito. Walikuwa wametoa jasho lao pale.

Ndipo yule mama wa kisomo akasema, "Mimi nilikuwa mtu mzima nilipojua kusoma. Kabla ya hapo barua zangu zilisomwa na watu wengine. Siri zangu zilijulikana kwao kabla sijazijua mimi. Dukani niliweka dole gumba mahali nisipojua pameandikwa nini. Ofisi inaweza kungoja mwaka. Mtoto akimaliza darasa la 7 hajui kusoma, nani atamrudisha?"

Kura zikapigwa. Kusoma kukashinda. Ofisi ikaachwa ingoje.

Ndugu msomaji, kuchagua kunauma. Kama mpango wenu haukuacha jambo lolote ambalo watu walilipenda, basi hamjachagua bado.

HATUA YA NNE: KUANDIKA LENGO

Katibu aliandika kwanza, "Lengo letu ni kuinua kiwango cha elimu." Mwenyekiti akamwuliza, "Mwezi Novemba tutajuaje kama tumelifikia?" Katibu hakuwa na jibu. Lengo hilo ni zuri masikioni, lakini halipimiki. Ni kama kumwambia mtu, "Lima shamba kubwa," bila kumwonyesha mpaka.

Wakaandika upya hivi:

Leo watoto 18 kati ya 60 wa darasa la 3 wanaweza kusoma hadithi fupi na kuielewa. Ifikapo tarehe 30 Novemba, watoto 45 kati ya 60 wataweza.

Wakaongeza lengo la pili, la kusaidia lile la kwanza:

Mwezi Februari watoto 14 wa darasa la 3 walikosa zaidi ya siku 5. Kuanzia mwezi Julai, wasizidi watoto 4 kwa mwezi.

Basi. Malengo mawili tu. Angalia yalivyoandikwa. Kila lengo linasema tuko wapi leo. Linasema tunataka kufika wapi. Na linasema lini. Mambo hayo matatu yakikosekana, lengo ni maneno matupu.

HATUA YA TANO: KUGAWA KAZI

Kazi ya wote huwa si kazi ya mtu. Kwa hiyo kila kazi ilipewa mwenyewe, na jina lake likaandikwa. Kazi zilikuwa hizi:

Moja. Vitabu vyote vitoke sandukuni. Mwenye kazi: mwalimu wa darasa la 3. Siku: kesho.

Mbili. Watoto 42 ambao hawajaweza kusoma hadithi wapate saa moja ya ziada, siku 3 kwa wiki. Wenye kazi: mwalimu wa darasa na kijana mmoja wa kijijini aliyemaliza kidato cha 4, anayejitolea. Kuanza: Jumatatu ijayo.

Tatu. Watoto hao wapate uji kabla ya saa ya ziada. Mwenye kazi: mjumbe wa kamati, pamoja na wazazi wa zamu.

Nne. Mtoto akikosa shule siku 2 mfululizo, mtu afike kwao siku hiyohiyo. Mwenye kazi: mwenyekiti wa kila kitongoji.

Tano. Kila mzazi amsikilize mtoto wake akisoma kila jioni. Wenye kazi: wazazi wote, na katika hili hakuna wa kumtegea mwenzake.

Kwa habari ya kazi ya tano, mzee mmoja alisema, "Mimi kusoma kwenyewe nimejua juzi. Nitamfundisha nini mtoto?" Akajibiwa, "Hukutakiwa kufundisha, mzee. Umetakiwa kusikiliza. Mtoto akisoma mbele ya mtu anayemsikiliza, anajitahidi." Na hata asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee, kisha unieleze umesoma nini."

HATUA YA SITA: KUPIGA HESABU YA GHARAMA

Mipango mingi hufa kwa sababu haikupigiwa hesabu. Hebu tuupige ule uji pamoja. Chukua kalamu.

Mtoto mmoja anahitaji gramu 50 za unga. Watoto ni 42. Gramu 50 mara 42 ni gramu 2,100, yaani kilo 2 na gramu 100 kwa siku.
Siku 3 kwa wiki ni kilo 6 na gramu 300.
Kwa wiki 30 za masomo ni kilo 189.

Kilo 189 ni karibu magunia mawili ya kilo 100. Zikigawanywa kwa watoto 42, kila mmoja anapata kilo 4 na nusu. Debe moja la mahindi lina kilo 18 hivi. Basi kila mzazi anatakiwa kutoa robo ya debe kwa mwaka mzima. Kabla ya hesabu watu walisema, "Uji? Hatuwezi." Baada ya hesabu wakasema, "Kumbe ni robo debe!"

Lakini tuseme wazi jambo moja. Tangu mwaka 2016 michango ya lazima kwa mwanafunzi ilikatazwa. Mchango wa namna hii hutolewa kwa hiari, baada ya wazazi kukubaliana mkutanoni, na kwa kufuata utaratibu wa Serikali. Mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa uji kwa sababu mzazi wake hakutoa. Katika kijiji cha mfano wetu familia 3 hazikuwa na mahindi. Wenzao waliwafidia, na majina ya familia hizo hayakutangazwa.

Kila kilo iliyopokewa na kila kilo iliyotumika iliandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali ambapo kila mtu anapita. Hapo ndipo kujua kusoma kunapokuwa silaha yako. Kama shuleni kwenu hesabu za ruzuku na michango hazibandikwi, uliza mkutanoni. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Hiyo ni haki yako.

HATUA YA SABA: KUPIMA TENA

Mkulima hapandi mahindi Desemba akangoja mavuno bila kulitazama shamba. Hupita akaangalia. Panapohitaji palizi hupalilia. Mpango nao ni hivyohivyo.

Kijiji kile kiliweka siku 3 za kupima. Ya kwanza ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi Mei. Watoto waliosoma hadithi walikuwa 22. Walikuwa wamepanda kutoka 18, lakini wengi walitazamia zaidi. Wengine wakasema mpango umeshindwa, uachwe.

Kamati haikuuacha. Ilitafuta sababu. Iliona kwamba katika saa ya ziada watoto wote 42 waliwekwa pamoja. Anayejua herufi tu alikaa na anayesoma kifungu. Mmoja alipotea, mwingine akachoka kungoja. Tena mwezi huo watoto wengi walikuwa mashambani wakiwinga ndege.

Wakabadili mambo mawili. Waligawa watoto katika vikundi vitatu kwa kadiri ya wanavyojua: kikundi cha herufi, kikundi cha maneno na kikundi cha vifungu. Yule mama wa kisomo akajitolea kukaa na kikundi cha herufi. Kisha wazazi wenye mashamba jirani wakapeana zamu za watu wazima kuwinga ndege asubuhi, ili watoto waende shule. Aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha zamu ni yule mzee wa mbuzi.

Mwezi Agosti watoto waliosoma walikuwa 31. Mwezi Novemba walikuwa 41.

Lengo lilikuwa 45. Walipungukiwa na watoto 4. Je, walishindwa? Mtu akitoka watoto 18 akafika 41, hawezi kusema kazi yake ni bure. Lakini hawakujidanganya. Hawakuandika 45 ili kumfurahisha mgeni wa wilaya. Waliandika 41, wakaanza kuwatazama watoto 19 waliobaki. Wakaona kwamba 8 kati yao wanatoka kitongoji kimoja, ng'ambo ya mto. Mvua ikinyesha sana mto hujaa na watoto hawavuki. Shida hiyo hawakuijua hapo awali. Hesabu ndiyo iliyowaonyesha. Daraja la magogo likawa jambo la kwanza katika mpango wa mwaka uliofuata, na watoto hao 19 wakaendelea na saa ya ziada walipoingia darasa la 4.

Ukuta wa ofisi je? Bado umesimama kwenye linta. Waliufunika juu kwa makuti ili mvua isiumalize. Zamu yake itafika.

NA KIJIJINI KWENU?

Ndugu msomaji, huenda shida kubwa ya shule yenu si kusoma. Huenda ni vyoo. Basi hesabuni vyoo. Kipimo kilichowekwa nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kama mna wasichana 200, yafaa mwe na matundu 10 kwa ajili yao. Yako mangapi? Huenda shida yenu ni maji, au wasichana kuacha shule wakikaribia darasa la 7. Basi fungueni daftari mhesabu. Walianza wangapi? Wamebaki wangapi? Hao wengine wako wapi?

Njia ni ileile. Hesabuni. Tafuteni chanzo. Chagueni jambo moja au mawili. Andikeni lengo lenye idadi na tarehe. Gaweni kazi kwa majina. Pigeni hesabu ya gharama. Pimeni tena, mkabadili penye kosa.

Wazee wetu wa miaka ya 1970 walifanya hivyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikusanyika katika vikundi kandokando ya redio. Walisikiliza, walisoma vitabu vyao, walijadiliana, kisha walishika majembe wakachimba vyoo. Hawakuishia kwenye mazungumzo. Nasi tusiishie kwenye kusoma gazeti.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni watoto wangapi wa darasa la 3 katika shule yetu wanaoweza kusoma habari ya Asha na kuku wake? Tumewahesabu, au tunakisia tu?

2. Mkutano wa mwisho wa wazazi uliamua nini? Mambo mangapi yalitimizwa? Yaliyokwama yalikwama kwa nini?

3. Je, mpango wa shule yetu umeandikwa? Umebandikwa wapi? Ni nani kati yetu ameusoma?

4. Ni vitu gani tulivyo navyo shuleni lakini vimefungiwa bila kutumika?

5. Tukichagua jambo moja tu mwaka huu, litakuwa lipi? Na tutakubali kuacha lipi lingoje?

6. Ni nani atakayesema leo, "Kazi hii ni yangu," na kazi hiyo itakwisha tarehe ngapi?

Na wewe uliyemwita mtoto mwanzoni mwa makala hii, usimwache aende bado. Kama hakuweza kusoma habari ya Asha, msomee wewe mara moja, polepole, ukionyesha kila neno kwa kidole. Kesho jioni mwite tena asome yeye. Kesho kutwa mwite tena. Na siku ya mkutano wa wazazi, nenda.